Mapigo Manne ya Mkondoa Jazz

Hadithi ninayo. Masikio mnayo? Kama mnayo, zimeni simu, na huyo anayetafuna mhogo atafune polepole, maana hadithi hii ina mahali pa kunyamaza, na pakifika nataka tunyamaze wote.

Palikuwa na watu watatu, kila mmoja na alichojaliwa. Chande Mloka alijaliwa vidole. Pius Senyagwa alijaliwa kumbukumbu. Zamda binti Shomari alijaliwa masikio. Na alikuwepo wa nne, Hemedi Kitogo, ambaye yeye alijaliwa mdomo tu. Hemedi ndiye tutakayefuatana naye, kwa sababu wale watatu walifanya kazi, lakini mtihani ulimwangukia yeye.

Wote walikuwa watu wa Mkondoa Jazz, bendi ya Kilosa, iliyoanzishwa na vijana saba wa reli na wa mashamba ya mkonge. Na bendi ile, jamani, ilipitiwa na watu! Mmoja alichukuliwa na bendi ya Dar es Salaam akaondoka na viatu vya sare miguuni. Mwingine aliokoka, akasema saksafoni lina pepo, akaliacha juu ya kiti likiwa bado na mate yake. Mwingine akawa mwadhini. Watu wakaanza kumsikiliza alfajiri badala ya Jumapili mchana. Katika miaka arobaini na kitu walipita watu zaidi ya thelathini. Kilichobaki ni jina la bendi, Hemedi mwenye kipaza sauti, na wimbo mmoja, “Treni ya Saa Tisa”.

Sasa huo wimbo nisikilizeni vizuri, maana usipouelewa wimbo hutaelewa kilio. Mume anasafiri, anamwambia mkewe amsubiri stesheni, atarudi na treni ya saa tisa. Beti tatu, hakuna la ajabu. Baada ya ubeti wa tatu vyombo vyote vinakata. Ngoma kimya, besi kimya. Yanapita mapigo manne hakuna kitu. Ndani ya mapigo hayo manne Hemedi anaita jina moja, la mpiga gitaa la solo: “Chande!” Hapo gitaa linaingia kama treni inayoshuka kutoka milima ya Kidete, na ukumbi mzima unasimama. Jina lisipoitwa, gitaa haliingii. Ndivyo walivyojizoeza tangu mwanzo, na ndivyo miguu ya wachezaji ilivyozoea.

Aliyetunga solo ile ni Chande. Alikaa nayo miezi mitatu nyuma ya nyumba yake, na mkewe Mwamvita akimpepetea mchele pembeni na kumwambia, hapo hapana, hapo ndiyo, hapo umeniliza. Na Chande alikuwa na tabia moja ambayo Hemedi aliipenda na kuilaani: alikuwa hasubiri jina lake liishe. Hemedi akisema “Cha”, gitaa limo. Hemedi anamwambia, “Bwana we, niachie basi niimalize hiyo ‘nde’!” Chande anacheka tu.

Mwaka ule wa mvua kubwa walikuwa wanatoka Rudewa kwa miguu kuwahi bugi, dansi la Jumapili mchana. Barabara imekatika, mto umejaa. Hemedi alitangulia kuvuka, akafika ng’ambo. Chande akaja nyuma, gitaa jekundu kalishika juu ya kichwa, maji yanamfika kifuani. Alipobakiza hatua mbili aliteleza. Akanyoosha mikono yote miwili, gitaa mbele. Hemedi akashika gitaa.

Alishika gitaa. Nataka mlijue hilo, maana Hemedi hakumwambia mtu. Alilishika kwa mikono miwili, akaligeuza, akaliweka majanini vizuri lisilowe, halafu akageuka kumpa rafiki yake mkono. Mto ulikuwa mtupu. Akaita “Chande!” Akaita tena. Akaita mpaka koo likakauka, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane, aliitamka “nde” yote na hakuna kilichoingia.

Haya. Bendi ilinyamaza mpaka Mwamvita alipotoka eda. Kiti cha solo akapewa kijana wa pale misheni ya Ilonga, Pius Senyagwa, aliyekuwa akipiga gitaa kanisani. Hemedi alijizoeza wiki nzima kusema “Pius”. Alisema Pius akioga, Pius akinywa chai, mkewe akamuuliza, “Huyo Pius anakudai?” Jumapili ikafika, ukumbi umejaa. Beti tatu zikaisha, vyombo vikakata, Hemedi akafungua mdomo, na mdomo ukasema “Chande!”

Ukumbi mzima uliganda. Pius alimtazama Hemedi kwa macho ya mtu aliyetumwa asikokujua, halafu akaingia. Akapiga solo yote, noti kwa noti, maana kijana yule kitu akikisikia mara mbili hakimtoki tena. Watu walicheza huku wanalia. Hemedi alitamani ardhi ipasuke, kwani mlangoni aliona kanga nyeusi. Mwamvita alikuwa amekuja kuishukuru bendi kwa rambirambi.

Muziki ulipoisha akamfuata. Hemedi alijua anakuja kupigwa kofi, na akalitega shavu.

“Shemeji,” Mwamvita akasema, “Jumapili ijayo mwite tena.”

“Shemeji, ulimi uliteleza. Wallahi sikukusudia.”

“Najua uliteleza. Lakini nimemsikia ameitwa, na mtu ameitika. Nyumbani naita peke yangu. Mwite tena.”

Basi kosa likawa desturi. Kila Jumapili Hemedi aliita “Chande!”, na kila Jumapili Mwamvita alikuwa kiti cha kwanza karibu na mlango. Akisikia jina lile anafumba macho, gitaa likiisha anajifunga kanga yake vizuri na kwenda zake, hasubiri wimbo mwingine. Desturi ikaenea bendi nzima. Mpiga tumba akihama, ajaye anarithi jina la kiti. Kwenye tumba walipita akina Mabruki wanne, na wa nne alikuwa Mkristo safi anaitwa Fidelisi. Mtu aliyeondoka Kilosa akarudi baada ya miaka ishirini alisikia majina yale yale yanaitwa, akashangaa, “Ala! Hawa watu hawafi?” Wenyeji walicheka. Hemedi hakucheka, kwa kuwa hakukuwa na Jumapili aliyoita jina lile asinuse tope la mto.

Alichokifanya Pius sasa. Pius alikaa kwenye kiti kile miaka thelathini na mmoja. Bendi za Dar zilimfuata mara tatu, akakataa mara tatu. Alisema wimbo ule hauwezi kuachwa bila mtu. Mafuriko yalipoingia kwenye klabu ya bendi yalichukua kanda na santuri zote, na studio iliyowarekodi ikasema haina nakala. Wapigaji wa zamani walikuwa wameshatawanyika, Hemedi alijua maneno tu, na muziki wa “Treni ya Saa Tisa” haukuwa tena popote duniani isipokuwa ndani ya kichwa cha Pius. Akawakalisha wenzake wapya mmoja mmoja, akamfundisha wa besi sehemu yake, wa ridhimu sehemu yake, mpaka wimbo ukasimama tena. Wimbo wote. Na miaka yote hiyo hakuitwa jina lake hata siku moja. Sokoni watoto wake waliitwa watoto wa Chande. Mama yake alikuja kumsikiliza mara moja, akasikia mwanawe anaitwa Chande, akainuka kitini analia, “Pius, baba, umebadili dini bila kuniaga?” Watu waliangua kicheko. Pius naye alicheka, lakini Hemedi alimwona alivyoinamisha uso kwenye gitaa.

Vidole vya Pius vikaanza kukakamaa. Kwanza kidole kidogo, kisha cha kati. Siku aliyoshindwa kuimaliza solo aliliweka gitaa chini taratibu, akashuka jukwaani, na bendi ikafa siku hiyohiyo. Ikakaa miaka tisa imekufa. Hemedi akaona, Mungu amsamehe, nafuu. Akalala usingizi.

Na Zamda? Zamda alikuwa fundi wa redio na simu karibu na stesheni. Binti huyo ukimpa redio mbovu haifungui kwanza, anaiweka sikioni na kukuambia ugonjwa wake. Gitaa alijifunza mwenyewe. Siku moja Pius alipeleka redio yake, akawa anasubiri anaimba kidogo kidogo kwa mdomo, ti-ri-ti-ri, bila kujijua. Zamda akaacha bisibisi. “Mzee, hicho ni nini?” Pius akasema ni kitu cha zamani, kimeshakufa. “Mbona nakisikia?” Pius hakuwa na vidole vya kumwonyesha. Akamwimbia. Miezi saba alimwimbia, jioni kwa jioni, na Zamda akaitoa solo ile kwenye mdomo wa mzee na kuirudisha kwenye nyuzi. Halafu akazunguka nyumba kwa nyumba kuwakusanya waliobaki. Hemedi alimfukuza mara mbili. Mara ya tatu Zamda alikuja na gitaa jekundu lenyewe, kaliomba kwa Mwamvita, kalifunga nyuzi mpya. Hemedi akaliona, akaenda kutafuta viatu.

Mazoezi ya kwanza yalifanyika mchana kweupe, jua linawaka, madirisha wazi. Beti tatu. Vyombo vikakata. Hemedi akafungua mdomo.

“Cha”

Gitaa likaingia.

Hemedi aliachia kipaza sauti kikaanguka. “Nani kakufundisha kuingia hapo?”

Zamda akamgeukia Pius. Pius alikuwa amekaa wima, rangi imemtoka. “Si mimi,” akasema. “Mimi miaka yote nilisubiri jina liishe. Hemedi, wewe unajua.”

“Binti, nakuuliza. Kwa nini umeanza mapema?”

“Sikuanza mimi, mzee,” Zamda akasema. “Nilikuta limeshaanza, nikalifuata.”

Hapo ndipo pale pa kunyamaza nilipowaambia. Nyamazeni kidogo.

Ahsanteni. Kuanzia siku ile Hemedi alirudi kunusa tope. Na koo likaanza kumuuma. Alidhani ni mafua, akanywa tangawizi, akanywa asali, sauti ikazidi kukwaruza. Madaktari wakamwambia bila kuficha: kuna uvimbe, na kisanduku cha sauti lazima kitoke. Ataishi, inshallah, lakini hatasema tena. Siku ya kukatwa ni Jumatano. Zamda akasema, basi Jumapili kabla ya hapo tupige “Treni ya Saa Tisa” ukumbini na tuirekodi, ibaki. Hakuna santuri, hakuna kanda, hii ndiyo itakayosikika siku zote. Hemedi alibakiwa na Jumapili moja, wimbo mmoja na jina moja la kuita.

Ndipo wakaanza kuja.

Wa kwanza alikuwa Pius, na alikuja na ndizi mbivu, mtu wa watu yule. Alikaa muda mrefu anazungumzia mvua. Kisha akasema, “Hemedi, sijawahi kukuomba kitu.”

“Hujawahi.”

“Chande alizama siku moja. Mimi nimezama miaka thelathini na mmoja, na wewe ukiniangalia. Wajukuu zangu watausikiliza huo wimbo. Niite mara moja. Sipigi tena, najua, lakini kila noti atakayoipiga yule binti imepita kwangu. Nataka kusikia jina langu, Hemedi. Ninaumia.” Machozi yalimtoka, na hakuweza kuyafuta vizuri kwa vile vidole. Hemedi alimfuta kwa leso yake mwenyewe.

Wa pili alikuwa Zamda, na huyo hakukaa hata kitini.

“Mzee, shikamoo. Nasema moja tu. Ukiita Chande, watasema mwanamume kapiga. Ukiita Pius, watasema mwanamume kapiga. Mikono itakayopiga ni hii. Bendi ilikuwa kaburini nikaifukua mimi, na wewe mwenyewe ulinifukuza mlangoni hapa mara mbili.”

“Marahaba,” Hemedi akasema. “Na nikikuita, yule uliyemfuata siku ile, je?”

Zamda aliitazama ile mikono yake. “Kila tunapofanya mazoezi namsikia,” akasema. “Namwogopa, mzee. Labda ukiniita mimi, ataniachia.”

Wa tatu alikuwa Mwamvita. Alikuwa bibi kizee sasa, anatembelea fimbo. Hemedi alimpokea na kumwekea mto wa kiti. Mwamvita hakuomba chochote.

“Shemeji,” akasema, “siku ile ulishika gitaa.”

“Nani kakwambia?”

“Gitaa lilirudi kavu. Mume wangu hakurudi. Nani wa kuniambia tena? Nimejua tangu siku ile.”

“Na miaka yote hii unakaa kiti cha mbele unanitazama?”

“Nilikuwa nakusikiliza ukimwita. Nikasema, maadamu anamwita, hajamwacha.” Akainuka taratibu. “Jumatano sauti yako inaondoka. Wa kumwita hatakuwepo tena. Fanya utakavyoona.”

Hemedi alilia siku hiyo mpaka mkewe akatoka jikoni na unga mikononi.

Msidhani hakutafuta njia. Kwenye mazoezi alijaribu kuita wote watatu kwa mkupuo. Weee! Mapigo manne hayakutosha. Besi ikaingia juu ya jina la Zamda, tumba zikaanguka juu ya besi, na Mabruki, yaani Fidelisi, akaweka mikono chini. “Mzee, unaita mahudhurio?” akasema. Alijaribu kutoita kabisa. Vyombo vikakata, mapigo manne yakapita, manne mengine yakapita, hakuna aliyeingia, wakabaki wanatazamana na feni inazunguka. Hemedi aliufahamu ukimya ule. Aliwahi kusimama ndani yake ukingoni mwa mto. Akamwomba Zamda aite yeye. Zamda akatikisa kichwa: mpigaji hajiiti.

Jumapili ikafika. Ukumbi ulifurika, wengine walikalia madirisha. Fundi wa mitambo akaweka vinasa sauti vyake, akainua kidole: tunarekodi. Mwamvita yuko kiti cha kwanza, fimbo magotini. Pius yuko pembeni yake, kavaa shati la bendi ya zamani, mikono kaikunja mapajani. Zamda amesimama na gitaa jekundu, vidole viko juu ya nyuzi, havijagusa kitu. Na Hemedi, naapa kwa alivyosimulia mwenyewe kwa maandishi baadaye, alisikia uzi mmoja wa gitaa lile ukilia taratibu, kabla ya mkono wa Zamda.

Ubeti wa kwanza sauti ilikwaruza. Wa pili ikafunguka. Wa tatu aliimba kama kijana, watu wakapiga vigelegele, na Pius akafumba macho. Vyombo vikakata.

Pigo la kwanza.

Ukiita Chande, umemshika mkono uliouacha mtoni, na bila vidole vyake kusingekuwa na wimbo wa kugombania. Lakini umemzika Pius akiwa hai, mbele ya macho yake, na ulimwengu hautajua kuwa Zamda alikuwepo.

Pigo la pili.

Ukiita Pius, umemlipa aliyeutunza wimbo kichwani wakati haukuwa popote pengine. Lakini Mwamvita ataondoka ukumbini akiwa mjane kwa mara ya pili, na mikono inayopiga si ya Pius.

Pigo la tatu.

Ukiita Zamda, umesema kweli, maana ndiye aliyeufufua na ndiye anayepiga. Lakini yule wa mtoni, aliyekuwa akiitwa kila wiki na kuitika, hataitwa tena mpaka Kiyama, na wewe ndiye uliyeshika gitaa.

Nani anastahili? Mwenye vidole, mwenye kumbukumbu, au mwenye masikio? Msinitazame mimi, mimi najua alichosema Hemedi na sitawaambia. Wewe mama, wewe kijana hapo mlangoni, na wewe uliyekuwa unatafuna mhogo: mdomo ni wako sasa, na ukitoka hapo hutasema tena neno lolote maishani mwako.

Pigo la nne hili. Unamwita nani?